Flampeni ya matuta yenye enameli: nachomaje mishkaki ndani ya nyumba bila kumkohoza mama?

Mtoto wa Mapipa (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wapishi, hasa nyie mnaoishi ghorofani.

Mimi nimekulia Magomeni Mapipa. Bi mkubwa wangu alichoma mishkaki pale barazani zaidi ya miaka ishirini, na hiyo mishkaki ndiyo iliyonisomesha. Kila siku baada ya magharibi anatoa jiko lake la nusu pipa, kipepeo cha ukili, na beseni la nyama iliyolala kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na papai bichi. Mwaka jana nikamhamishia kwangu Upanga, ghorofa ya tatu, kwa sababu pumu ilikuwa imemzidi. Daktari amemkataza moshi wa mkaa kabisa, hata wa kupita karibu. Mwenye nyumba naye ameandika kwenye mkataba kwamba mkaa marufuku, iwe ndani au kwenye balkoni. Kwa hiyo kwangu ni gesi tu: jiko la mezani la pleti mbili, lenye kioo juu, na mtungi wa kilo 15.

Mama anakula vizuri na analala vizuri. Lakini kila Ijumaa ikifika ananiuliza, "Mwanangu, hivi mishkaki ndiyo basi tena?" Wakuu, neno hilo linaniuma. Mtu amewachomea watu wa mtaa mzima miaka yote hiyo, leo yeye hapati hata kijiti kimoja cha kwake.

Mwezi uliopita dada yangu alikuja likizo kutoka Uingereza, akaniletea flampeni. Ni ya mraba, kila upande kama sentimita 26, na ni nzito kwelikweli. Niliipima kwenye mzani wa dukani ikaja kilo tatu na ushee. Nje nyekundu inang'aa, ndani nyeusi iliyofifia, na ina matuta kama shamba la viazi. Dada akaniambia ni chuma kilichopakwa enameli, unachomea nyama humo humo jikoni na inatoka na mistari kama imetoka kwenye wavu.

Jumapili nikajaribu. Niliwasha gesi mpaka mwisho, nikamimina mafuta ya alizeti kama ninavyofanya kwenye flampeni ya mayai, nikasubiri mpaka yakaanza kufuka, ndipo nikapanga mishkaki kumi na rojo lake lote. Moshi ulijaa jikoni, ukaingia sebuleni, ukafika mpaka chumbani kwa mama. Akaanza kukohoa. Nikamtoa nje mpaka kwenye ngazi, dawa yake ya kuvuta mkononi, na jirani wa juu akashuka mbio akidhani nyumba inaungua. Niliporudi jikoni nyama ya katikati ilikuwa imeungua na kugandana na matuta, ya pembeni bado inatoa damu. Halafu vijiti: mkia wa kijiti unalalia ukingo wa flampeni, kwa hiyo nusu ya mshikaki inaning'inia hewani, haigusi chuma kabisa. Kwa kuchanganyikiwa nikaibeba vile vile ya moto nikaiweka kwenye sinki nikafungulia bomba. Ililia kama kitu kinachopasuka. Nilipoikagua baadaye nikakuta kwenye pembe ya nje enameli imebanduka, kipande kama ukucha wa kidole kidogo.

Naomba mnisaidie. Chombo hiki kinafaa kweli kwenye nyumba yenye mgonjwa wa pumu, au nimrudishie dada yangu? Nyama niiandaeje isigande? Na hiyo sehemu iliyobanduka ina hatari yoyote? Sina shida ya kujifunza hata kwa mwezi mzima, ninachotaka ni mama asikohoe tena kwa sababu yangu.

---

Mkaa Mweusi

Pole sana mkuu, na mpe pole bi mkubwa. Nitakwambia ninavyoamini: nyama choma ni mkaa. Ule mvuke wa mafuta yanayodondokea kaa la moto ndiyo ladha yenyewe, na hakuna chuma kitakachokupa. Ningekuwa wewe ningemchukua mama siku moja kwa mwezi nikampeleka sehemu ya wazi kando ya bahari, tukakaa upande unakotoka upepo, mbali na jiko, tukaletewa mezani. Anakula kitu halisi na moshi haumfikii.

---

Mtoto wa Mapipa

Ahsante mkuu Mkaa Mweusi. Hilo tulilifanya mara mbili. Mara ya pili upepo uligeuka ghafla, tukaishia hospitali usiku. Sitarudia.

---

Bibi Jikoni

Mwanangu, usimrudishie dada yako hiyo flampeni. Kakuletea kitu kizuri. Mimi nakaa Kariakoo ghorofa ya nne, na ninayo ya aina hiyo hiyo mwaka wa sita sasa. Niliinunua imetumika, kwa familia ya kigeni waliokuwa wanahama Masaki na kuuza vyombo vyao. Wiki mbili za mwanzo nilifanya makosa yako yote isipokuwa hilo la bomba. Nyumbani kwangu kuna mjukuu mwenye kifua, kwa hiyo shida yako naijua vizuri. Kaa nikueleze.

Umeitumia kana kwamba ni jiko la mkaa. Kwenye mkaa, mafuta yanadondoka chini na moshi unapanda angani. Kwenye flampeni mafuta hayana pa kwenda. Yanatuama kwenye mifereji kati ya matuta, juu ya chuma cha moto, yanaungua hapo hapo mbele ya pua yako. Moshi uliouona Jumapili ulikuwa wa mafuta uliyomimina na lile rojo. Nyama yenyewe ilichangia kidogo sana.

Kwa hiyo la kwanza: usimimine mafuta kwenye chuma. Paka nyama. Nusu kilo ya nyama inatosha kijiko kimoja cha chakula, unaichanganya kwa mkono mpaka kila kipande king'ae kidogo. Na mafuta yawe yaliyosafishwa kiwandani. Yale ya kukamua ya Singida na Dodoma yenye harufu nzuri ya alizeti mimi nayapenda kwenye mchicha, ila yanaanza kufuka mapema mno, hayawezi kazi hii.

La moto ndilo kubwa zaidi, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Chuma cha namna hii hakisambazi joto haraka. Sufuria ya alumini inasambaza joto mara nne au tano zaidi. Ukiwasha gesi mpaka mwisho, pale moto unapogusa panaiva kuwa kama jehanamu na pembeni bado baridi. Ndiyo maana nyama yako ya katikati iliungua na ya pembeni ikatoa damu. Lakini chuma hicho hicho kikishashika joto hakiliachii upesi, na huo ndio uzuri wake. Basi washa moto mdogo kwanza, dakika tatu. Ongeza ufike wa kati, dakika nyingine tano hadi saba. Katikati ya muda huo izungushe robo mzunguko mara mbili tatu ili kila pembe ipite juu ya moto. Inyanyue, usiiburute juu ya kioo. Usizidishe ule moto wa kati kabisa, hata ukiona kama inachelewa. Ukitaka kujua iko tayari, chovya ncha za vidole kwenye maji urushie matone mawili tu: yakicheza na kupotea mara moja, weka nyama. Nimesema matone mawili. Usimwage maji.

Sasa nyama yenyewe. Hapa Dar nyama tunayonunua asubuhi mara nyingi imechinjwa usiku huo huo, bado imekaza. Mwambie muuza bucha akupe sarara; akikosa, steki laini isiyo na mishipa. Ukiweza ilaze kwenye friji siku moja au mbili kabla ya kuitia viungo. Papai bichi la bi mkubwa ni zuri lakini lisizidi saa moja. Likilala usiku kucha linaila nyama juu inakuwa kama uji, na uji ndio unaogandana na chuma. Kwenye mkaa haionekani sana kwa sababu wavu una nafasi. Kwenye matuta utaiona.

Ikishalala kwenye viungo, itoe uikaushe. Ndiyo, ikaushe! Kung'uta vipande vya kitunguu saumu na tangawizi, vinaungua haraka na kuwa vichungu, kisha futa kila kipande kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi. Ladha imeshaingia, hutaipoteza. Nyama yenye maji inachemka kwanza kabla ya kuchomeka. Ukitaka lile rojo lisipotee, lichemshe pembeni mpaka liive kabisa, ulimwagie nyama mezani. Sosi ya nyanya, asali, chochote chenye sukari, kisubiri sekunde za mwisho au kiende mezani.

Kata vipande bapa, upana wa kisanduku cha kiberiti na unene wake huo huo au pungufu kidogo. Wengi tumezoea vipande vya duara vya mishkaki, kwa sababu mkaa unazunguka nyama yote. Hapa joto linatoka chini tu, kwa hiyo kipande bapa kinagusa vizuri pande mbili na kumaliza. Na vijiti achana navyo wakati wa kuchoma. Choma vipande peke yake, vikishaiva ndipo uvitunge kwenye vijiti, vinne vinne, pamoja na hoho na kitunguu ulivyovichoma humo humo. Hakuna atakayejua. Mimi naandalia wageni hivyo na wanasifia.

Weka vipande vinane, visizidi tisa. Ukijaza flampeni, nyama inatoa maji na kuanza kujichemsha yenyewe. Kisha iache. Usiguse dakika mbili na nusu, tatu. Ukijaribu kuinua na imeshika, bado haijawa tayari. Ikiiva upande huo itaachia yenyewe. Geuza kwa koleo, na ukikosa koleo tumia mwiko wa mbao. Uma wa chuma utakwangua ile enameli.

Kati ya awamu moja na nyingine punguza moto, kunja kitambaa cha pamba, kishike kwa koleo ufute mifereji mafuta yatoke. Hatua hii inakaa kama ya kujisumbua, lakini kwenye nyumba yenye mgonjwa wa kifua ndiyo inayotenganisha chakula na balaa. Moshi wa awamu ya tatu na ya nne unatokana na mafuta ya awamu ya kwanza.

Kuhusu hewa. Kabla hujawasha, ning'iniza kipande cha kanga nyepesi kwenye kila dirisha uone upepo unaingia wapi na kutoka wapi. Kipindi cha kusi na kipindi cha kaskazi havifanani. Dirisha linaloingiza hewa Julai laweza kuwa ndilo la kutolea Januari. Mama akae chumba ambacho upepo unaingilia, mlango wake ufungwe, wewe upike upande unaotokea. Kama una feni ya kusimama, iweke karibu na dirisha la jikoni ikitazama nje, ivute hewa itoke. Usiielekeze kwenye jiko hata siku moja. Inaweza kuzima moto bila wewe kuona, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni inasubiri cheche.

Ukimaliza, izime na uiache juu ya jiko mpaka uweze kuishika kwa mkono mtupu. Mimi huwa nakula kwanza, nasali, ndipo naosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni, dodoki. Mifereji ikigoma, nyunyizia bekingi soda ya keki na maji kidogo ikae nusu saa. Stilwaya usiisogeze karibu. Kausha kwa kitambaa, usiiache ijikaushe.

Mwanangu Mkaa Mweusi amesema kweli jambo moja: harufu ya mkaa hutaipata. Najua wako watakaokwambia ushike kaa moja la moto uliweke kwenye kibakuli katikati ya nyama, udondoshee samli, ufunike. Kwa mama yako usifanye. Mpe nyama iliyoshika rangi vizuri, chumvi, ndimu ya kukamuliwa mwishoni, ukwaju mzito wenye pilipili, na kachumbari. Nina hakika atafurahi.

---

Fundi Gerezani

Bibi Jikoni amemaliza yote ya mapishi, mimi niongezee ya chuma, maana ndiyo kazi yangu. Nasubu vyuma hapa Gerezani tangu nikiwa kijana.

Ndugu, hiyo ni chuma cha kusubu, kimeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Enameli iliyo juu yake ni kioo. Si rangi. Unga wa kioo unapakwa kwenye chuma halafu unaingizwa tanuruni kwenye nyuzi joto kama 800, unayeyuka na kushikana nacho. Ni kazi ya mafundi wawili tofauti. Hata ile kampuni ya Ufaransa inayojulikana sana kwa vyombo hivi, Le Creuset, ilianzishwa 1925 na watu wawili, mmoja mtaalamu wa kusubu chuma na mwenzake mtaalamu wa enameli. Kila nikikumbuka hilo nafurahi, maana hapa kwetu pia kazi nzuri inatoka mafundi wawili wakielewana.

Sasa chukua glasi ya chai ya moto uimwagie maji ya barafu. Unajua kitakachotokea. Chuma na kioo vikipoa ghafla havisinyai kwa mwendo mmoja, kioo kinaachia. Hilo ndilo lililokupata kwenye sinki. Ni hivyo hivyo kuipasha moto mkali ikiwa tupu, au kuweka nyama iliyoganda barafu kutoka friza. Nyama itoke kwenye friji nusu saa kabla.

Doa lako liko nje kwenye pembe, haligusani na chakula. Endelea kutumia. Chuma kilicho wazi hakina sumu, tatizo lake ni kutu, na Upanga hewa ya bahari ina chumvi, kutu inakuja haraka. Kila ukikausha, pitisha kidole chenye tone la mafuta ya kula juu ya hilo doa na kwenye ukingo ambao haukupakwa enameli, basi. Lakini kagua ndani kwenye matuta, mchana, kwenye mwanga wa jua. Ukiona enameli inabanduka kwa vipande sehemu inayogusa nyama, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Hivyo ni vipande vya kioo, na kipande cha kioo kwenye mshikaki wa mzee ni hatari.

Jingine ambalo hukuuliza. Umesema jiko lako lina kioo juu. Flampeni pana kama hiyo ikilala chini sana inarudisha joto kwenye kioo cha jiko, nacho kinaweza kupasuka. Weka kwenye pleti kubwa, hakikisha miguu ya chuma inainyanyua vizuri, na mwali usichungulie nje ya kitako. Usiiweke katikati ya pleti mbili ukawasha zote ili ipate moto haraka. Nimeletewa majiko ya namna hiyo hapa, kioo chote kimesambaratika.

---

Wa Feri

Mimi ni wa samaki, sitasema mengi. Hiyo flampeni kwenye ngisi haina mpinzani. Ngisi mbichi wa asubuhi, msafishe, mpasue awe bapa, mchanje juu juu kwa kisu, mkaushe sana, paka mafuta kidogo na chumvi. Dakika moja na nusu kila upande, asizidi, akizidi anakuwa kama kandambili. Anaiva haraka kiasi kwamba moshi haupati muda wa kuanza, kwa hiyo moshi wake ni mdogo kuliko wa nyama ya mafuta. Changu mzima usimjaribu mpaka umeizoea, ngozi yake inashika.

---

Mlo wa Jioni

Naomba kuuliza hapo hapo: kuku je? Nina flampeni kama hiyo, kila nikichoma paja nje limekuwa jeusi, mfupani bado damu.

---

Bibi Jikoni

Paja lenye mfupa ni nene mno kwa moto wa upande mmoja. Kuku wa kienyeji mchemshe kwanza na tangawizi na chumvi mpaka alainike, mtoe, mkaushe, ndipo umpitishe kwenye matuta apate rangi. Supu yake ipikie pilau. Kuku wa kisasa mtoe mfupa, mfungue awe bapa, moto uwe chini ya wa kati, dakika sita hadi nane kila upande. Toboa sehemu nene kabisa, maji yakitoka meupe ameiva, yakiwa na wekundu mrudishe. Kuku hana mchezo, usimle nusu mbichi kwa sababu ya mistari mizuri.

---

Mtoto wa Mapipa

Shikamoo bibi. Wakuu wote, nimerudi na majibu.

Nilinunua sarara nusu kilo Jumatano, ikalala kwenye friji hadi Ijumaa. Papai dakika arobaini na tano. Niliikausha mpaka nikaona aibu kumaliza karatasi zote za jikoni. Kanga ya mama nikaining'iniza dirishani, nikagundua kwamba muda wote nilikuwa nafungua dirisha lisilofaa: lile la jikoni ndilo upepo unaingilia sasa hivi, unasukuma kila kitu kuelekea chumbani kwake. Nikamhamishia kiti chake hapo hapo karibu na dirisha la jikoni, upande unakotoka upepo, na feni nikaitoa ikatazama nje kwenye dirisha la sebuleni. Kwa hiyo alikuwa ananiona ninavyopika, na moshi mdogo uliokuwepo ulimkimbia yeye.

Moto mdogo dakika tatu, wa kati dakika saba. Nilikuwa na wasiwasi kwamba haitoshi, nikataka kuongeza, nikakumbuka maneno yako bibi nikatulia. Matone mawili yakacheza. Vipande vinane. Vilipogusa chuma vilitoa ule mlio, na mama akainua kichwa. Hakusema kitu. Nikataka kugeuza baada ya dakika moja, akaniambia kwa sauti ya zamani ile ya barazani, "Iache!" Bibi, hakuwa amesoma jibu lako.

Viliachia vyenyewe. Mistari imekaa sawasawa.

Awamu ya pili alisimama akaninyang'anya koleo. Kisha akaniomba kitunguu, akakikata nusu, akakichoma kwenye uma kwa mgongoni, akasugua matuta kwa upande uliokatwa kabla ya kuweka nyama. Akasema alikuwa akifanya hivyo kwenye wavu wake kila jioni, nyama haigandi na inapata harufu. Na kweli awamu hiyo ilitoka safi kuliko ya kwanza. Tulichoma awamu tatu. Hakukohoa. Dawa yake ilikuwa mezani, haikuguswa.

Nilitunga kwenye vijiti, hoho na kitunguu, ukwaju pembeni. Alikula mishkaki minne. Kwenye wa kwanza alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Haina mkaa." Nikamwambia ndiyo mama, haina. Akasema, "Lakini nyama umeijua." Kisha akaniagiza nipeleke mishkaki miwili kwa jirani wa juu, yule aliyeshuka siku ile akidhani tunaungua. Nimempelekea.

Doa la nje nimelipaka mafuta. Ndani nimekagua juani, matuta yote mazima.

Swali moja limebaki. Kitunguu kile anachosugulia, hakiwezi kuharibu enameli? Maana hatoacha, nimeshamjua.

---

Bibi Jikoni

Marhaba mwanangu. Nimesoma nikalia kidogo. Mwambie bi mkubwa namsalimia sana, na kesho nitakijaribu hicho kitunguu.

Hakiharibu kitu, mradi kisitoke kwenye friji. Kiwe cha joto la kawaida la jikoni, asikibonyeze muda mrefu sehemu moja, na huo uma meno yake yasiguse matuta. Bora akichome kwenye kijiti cha mwanzi.

---

Wa Feri

Jumamosi njoo Feri mapema kabla jua halijapanda, ngisi wazuri wanaondoka haraka. Mama akipenda mwambie achague mwenyewe, ila akae upande wa baharini, ule upande wa wakaangaji una moshi mwingi.

---

Mtoto wa Mapipa

Nimemsomea. Ameshaniuliza kama tuna ndimu za kutosha.